Beta: Kipimo kinachoamua kama moto wa jua utanaswa duniani

KILA mara wanasayansi wanapotangaza kuwa wamepiga hatua katika juhudi za kuzalisha umeme kwa njia inayolifanya jua liwake, tarakimu inayotajwa kwanza ni ya joto. Nyuzi milioni 100, nyuzi milioni 150. Viwango hivyo huwaacha wengi vinywa wazi. Lakini miongoni mwa wataalamu wenyewe, ipo tarakimu nyingine ndogo isiyo na mbwembwe, ambayo huulizwa kabla ya vifijo kuanza. Tarakimu hiyo huitwa beta.

Beta ni herufi ya pili ya alfabeti ya Kigiriki. Katika taaluma ya nishati ya nyuklia, herufi hiyo ni jina la uwiano kati ya mashinikizo mawili. La kwanza ni lile la plazima, yaani ule mchanganyiko wa moto unaotakiwa kutoa nishati. La pili ni lile la sumaku inayouzuia mchanganyiko huo usitoroke. Ukigawanya la kwanza kwa la pili, jawabu unalopata ndilo beta, na kwa kawaida hutajwa kwa asilimia.

Hesabu yenyewe ni nyepesi, hata mwanafunzi wa shule ya msingi anaiweza. Kilicho kigumu ni kuzipata tarakimu mbili za kugawanya, kwa kuwa mojawapo inatoka katika kitu ambacho hakuna chombo kinachoweza kukigusa kikasalimika. Na makosa katika kipimo hicho yamewahi kuliaibisha taifa zima.

Moto usioweza kutiwa chunguni

Vinu vya nyuklia vinavyozalisha umeme ulimwenguni leo hupasua viini vizito vya atomu, hasa vya urani. Muungano wa nyuklia hufanya kinyume. Viini vyepesi vya haidrojeni hukaribianishwa hadi vikaungana kuwa kiini kizito zaidi, na katika kuungana huko nishati nyingi hutolewa. Hivyo ndivyo jua linavyotoa joto lake.

Mchanganyiko unaowaka kwa urahisi zaidi hapa duniani ni wa aina mbili za haidrojeni nzito, deuteriamu na tritiamu. Hata huo hautoi nishati ya maana hadi joto lipande kufikia nyuzi milioni 100 hivi za Selsiasi, ambazo ni karibu mara saba ya joto lililo kwenye kitovu cha jua.

Katika hali kama hiyo, gesi huacha kuwa gesi ya kawaida. Elektroni hung'oka kutoka kwa atomu zao, na kinachobaki ni kundi la chembe zenye chaji ya umeme zinazokimbia huku na huko kwa kasi kubwa. Hiyo ndiyo plazima, ambayo haifai kuchanganywa na ile plazima ya damu inayozungumziwa na madaktari.

Hakuna chungu cha chuma wala cha udongo kinachoweza kuihifadhi. Hata hivyo, chembe zenye chaji zina udhaifu mmoja: haziwezi kuukata uga wa sumaku zipendavyo. Hulazimika kuuzunguka kila mstari wa uga kama ng'ombe aliyefungwa kambani anavyouzunguka mti. Ndiposa wanafizikia wa Muungano wa Kisovieti, katika miaka ya 1950, wakabuni mtambo unaoitwa tokamaki. Umbo lake ni kama tyubu ya gurudumu. Plazima hukaa ndani ya tyubu hiyo, ikishikiliwa na sumaku kali bila kuugusa ukuta.

Hesabu ya shinikizo

Shinikizo la gesi yoyote hutegemea mambo mawili, nayo ni wingi wa chembe zilizo katika nafasi fulani na joto la chembe hizo. Ukiongeza chembe, shinikizo hupanda. Ukiongeza joto, pia hupanda. Dereva anayeegesha gari juani baada ya kujaza magurudumu upepo anaifahamu kanuni hiyo, japo huenda hakuisoma darasani.

Plazima nayo hutii kanuni iyo hiyo. Chukua mfano wa plazima yenye chembe laki moja na elfu ishirini na tano mara chache kuliko hewa tunayovuta, lakini yenye joto la nyuzi milioni 150. Joto hilo ni takriban mara laki tano ya lile la chumba cha kawaida. Ukigawanya laki tano kwa laki moja na elfu ishirini na tano, unapata nne. Hii ina maana kwamba plazima hiyo, licha ya kuwa nyembamba kiasi cha kukaribia ombwe, husukuma kwa shinikizo linalotoshana na mara nne ya lile la hewa kwenye usawa wa bahari.

Sumaku pia husukuma. Huenda wazo hilo likaonekana geni, lakini yeyote aliyewahi kujaribu kuzikutanisha ncha mbili za sumaku zinazofanana amelihisi mikononi mwake. Nguvu ya uga wa sumaku hupimwa kwa kizio kiitwacho tesla. Uga wa tesla moja huwa na shinikizo la takriban mara nne ya hewa. Aidha, shinikizo hilo hupanda kwa kipeo cha pili: ukiuzidisha uga mara mbili, shinikizo huongezeka mara nne, ukiuzidisha mara tano, huongezeka mara 25.

Kwa hivyo, uga wa tesla tano, ambao ni takriban mara laki moja ya ule unaoelekeza dira, husukuma kwa shinikizo la karibu mara 100 ya hewa. Ikiwa ndani yake mna plazima yenye shinikizo la mara nne ya hewa, basi beta ni nne gawanya kwa mia moja, yaani asilimia nne.

Lori la magunia mia

Asilimia nne yaonekana kuwa kiasi duni. Ni kama mfanyabiashara aliyekodi lori lenye uwezo wa kubeba magunia 100 ya viazi, kisha akapakia manne tu na kuanza safari ya kuelekea sokoni. Gharama ya lori haipungui kwa sababu mzigo ni mdogo.

Katika mitambo ya muungano, lori hilo ni sumaku, na kodi yake ni ghali mno. Mtambo wa ITER unaojengwa kusini mwa Ufaransa kwa ushirikiano wa Umoja wa Ulaya, Marekani, Urusi, Uchina, Japani, India na Korea Kusini una sumaku kubwa 18 zinazoizunguka plazima, kila moja ikiwa na urefu wa takriban mita 17. Sumaku hizo lazima zipozwe hadi kiasi cha nyuzi 269 chini ya sufuri ili waya zake zipitishe umeme bila kupoteza chochote. Mita chache tu kutoka kwenye baridi hiyo ndipo plazima ya nyuzi milioni 150 inapokusudiwa kuwaka.

Umuhimu wa beta unatokana na kanuni moja. Katika viwango vya joto vinavyotakiwa, nishati inayozalishwa na kila kipande cha plazima huongezeka kwa kipeo cha pili cha shinikizo. Mtambo unaofaulu kuzidisha beta mara mbili kwa sumaku zile zile hupata nishati mara nne. Tofauti kati ya asilimia mbili na asilimia nne yaweza kuwa tofauti kati ya kituo cha umeme kitakacholipa deni lake na kile kitakachobaki kuwa sanamu ya gharama kubwa.

Mbona basi wataalamu wasipakie magunia yote 100? Jibu ni kwamba plazima ina ukaidi wake. Shinikizo likizidi mno, hutafuta mahali sumaku ilipo dhaifu na kufurika hapo. Hujipinda, hujikunja, na katika muda wa elfu kadhaa za sekunde hujigonga kwenye ukuta na kuzimika. Mgongano wa namna hiyo katika mtambo mkubwa unaweza kuyeyusha sehemu za ukuta wenyewe.

Mwaka wa 1984, mwanafizikia Francis Troyon na wenzake wa mjini Lausanne, Uswisi, walichapisha matokeo ya hesabu zilizoonyesha kuwa kikomo hicho kinaweza kukadiriwa mapema. Waligundua kwamba beta ya juu zaidi ambayo tokamaki inaweza kuhimili huongezeka kadiri mkondo wa umeme unaopita ndani ya plazima unavyoongezeka, na hupungua kadiri bomba linavyokuwa pana na uga unavyokuwa mkali. Kanuni hiyo ingali inatumiwa na wahandisi kila wanapochora mtambo mpya. Hata ITER imepangiwa kufanya kazi kwa beta ya kati ya asilimia mbili na tatu, ili ibaki mbali kidogo na ukingo wa hatari.

Kupima bila kugusa

Anayetaka kuipima plazima hawezi kuitia kipimajoto. Chombo chochote kitakachoingizwa hadi katikati yake kitaharibika papo hapo, na uchafu utakaotoka kwenye chombo hicho utaipoza plazima yenyewe. Ndiyo maana vipimo hufanywa kutoka nje kwa kusoma dalili, jinsi daktari anavyoijua hali ya moyo kwa kusikiliza mapigo yake bila kupasua kifua.

Upande wa sumaku ndio rahisi. Kiasi cha umeme kinachopita katika koili hujulikana kwa usahihi mkubwa, na kanuni za fizikia hutoa ukali wa uga kutokana na kiasi hicho. Ugumu uliopo ni kwamba uga huo haulingani kila mahali. Huwa mkali karibu na tundu la katikati ya tyubu na hupungua kadiri mtu anavyoelekea ukingo wa nje. Kwa sababu hiyo, desturi ni kutumia uga uliopo katikati ya bomba kabla ya plazima kuwashwa, ili matokeo ya mtambo mmoja yaweze kulinganishwa na ya mwingine.

Upande wa plazima ndio unaohitaji ujuzi. Njia ya kwanza hutumia ukaidi wa plazima dhidi ya sumaku. Kila chembe inayozunguka mstari wa uga ni mkondo mdogo wa umeme, na mikondo hiyo yote kwa pamoja huunda uga unaoupinga ule wa nje. Kadiri shinikizo lilivyo kubwa, ndivyo uga ulio ndani ya plazima unavyopungua. Wanafizikia hulizungushia bomba kitanzi cha waya. Plazima inapowaka, badiliko la uga huzalisha volteji katika kitanzi hicho, na kutokana na volteji hiyo shinikizo lote la plazima hukadiriwa.

Kazi hiyo yataka subira. Badiliko linalotafutwa ni dogo mno likilinganishwa na uga wote, mithili ya kutafuta uzani wa kuku aliyepanda mgongoni mwa ndovu kwa kumpima ndovu mara mbili, akiwa na kuku na akiwa peke yake. Mtikisiko kidogo wa koili, au kitanzi kikikaa kombo hata kwa kiasi kisichoonekana kwa macho, hutosha kuvuruga jawabu. Isitoshe, umeme unaopita ndani ya plazima nao una athari yake kwa uga huo, na lazima athari hiyo iondolewe kwenye hesabu.

Njia ya pili hutazama mahali plazima ilipokaa. Tyubu ya baiskeli ikijazwa upepo hutaka kutanuka kuelekea nje. Plazima iliyo katika umbo la pete hufanya vivyo hivyo: shinikizo lake likipanda, kiini chake husogea nje kidogo. Msogeo huo umepewa jina la Vitaly Shafranov, mwanafizikia wa Kisovieti aliyeueleza kwa hesabu. Siku hizi vihisi vingi vya sumaku hupangwa kuuzunguka mtambo, kisha programu ya kompyuta hutafuta ni plazima ya umbo gani na shinikizo gani inayoweza kusababisha vipimo vyote vilivyonaswa kwa wakati mmoja.

Njia ya tatu hutumia mwanga. Mwali mkali wa leza hupenyezwa ndani ya plazima, na sehemu ndogo mno ya mwanga huo hugonga elektroni na kutawanyika. Elektroni inayokimbia kuelekea upande wa mtazamaji huusogeza mwanga kwenye rangi ya buluu, na inayomkimbia huusogeza kwenye wekundu, sawa na jinsi mlio wa king'ora cha ambulensi unavyobadilika gari linapokaribia na linapopita. Kadiri elektroni zilivyo na joto, ndivyo rangi zinavyotawanyika zaidi. Kwa hivyo upana wa rangi hutoa halijoto, na wingi wa mwanga uliotawanyika hutoa idadi ya elektroni. Ukizidisha viwili hivyo, umepata shinikizo la elektroni mahali pale pale leza ilipopita. Viini vya atomu navyo hupimwa kwa kuchunguza mwanga unaotolewa na chembechembe za kaboni na uchafu mwingine ulio ndani ya plazima.

Njia za sumaku hutoa jumla ya shinikizo. Leza hueleza kila pembe ina kiasi gani. Majawabu yakilingana, watafiti hushusha pumzi. Yasipolingana, hujua kuna jambo limejificha, kwa mfano kikundi cha chembe zenye kasi kupindukia ambazo huongeza shinikizo ingawa si sehemu ya joto la kawaida la plazima.

Funzo la Harwell na Moscow

Tofauti hiyo kati ya jumla na undani ndiyo iliyozua utata mkubwa katika miaka ya kwanza ya utafiti huu.

Mnamo Januari 1958, wanasayansi wa Uingereza katika kituo cha Harwell walitangaza matokeo ya mtambo wao ulioitwa ZETA. Walisema joto lilikuwa limefikia nyuzi milioni tano, na kwamba nyutroni zilikuwa zikitoka. Nyutroni ni mojawapo ya dalili za muungano. Mkuu wa kituo hicho, Sir John Cockcroft, aliwaambia wanahabari kuwa ana uhakika wa asilimia 90 kwamba nyutroni hizo zilitokana na muungano wa kweli wa joto. Magazeti yalishangilia.

Kabla ya katikati ya mwaka huo, tangazo lilikuwa limebatilishwa. Uchunguzi zaidi ulionyesha kuwa nyutroni zilitoka kwa chembe chache zilizorushwa kwa kasi na misukosuko ya umeme ndani ya plazima. Plazima kwa jumla haikuwa na joto lililodhaniwa. Aibu hiyo ilidumu kwa miaka mingi katika kumbukumbu za wanasayansi wa nchi hiyo.

Miaka kumi baadaye, katika mkutano wa kimataifa uliofanyika Novosibirsk mnamo Agosti 1968, Lev Artsimovich wa Taasisi ya Kurchatov, Moscow, aliripoti kuwa tokamaki yao ya T-3 ilikuwa imefikia joto la nyuzi milioni 10 hivi.  Wengi hawakuamini. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na kisa cha ZETA kilikuwa bado hakijasahaulika.

Shaka yao ilikuwa na msingi. Warusi walikuwa wamekadiria joto hilo kutokana na vipimo vya sumaku, yaani shinikizo lote la plazima. Wapinzani wao walisema kuwa kikundi kidogo cha elektroni zenye kasi kupindukia kingeweza kuleta shinikizo hilo hilo huku plazima nyingine ikiwa baridi. Kitanzi cha waya peke yake hakingeweza kuutatua ubishi huo.

Artsimovich alifanya jambo ambalo halikutarajiwa katika enzi ya Vita Baridi. Aliwaalika Waingereza waje Moscow kujipimia wenyewe. Wataalamu wa maabara ya Culham, wakiongozwa na Nicol Peacock, walisafirisha leza na mitambo yao hadi Taasisi ya Kurchatov, wakapenyeza mwali ndani ya T-3 na kuhesabu mwanga uliotawanyika. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mnamo Novemba 1969. Joto la elektroni lilikuwa limefikia takriban nyuzi milioni 10, na rangi za mwanga zilionyesha kuwa hilo lilikuwa joto la elektroni zote kwa jumla wala si la kikundi kidogo kilichojitenga. Warusi walikuwa wamesema kweli.

Athari za kipimo hicho zilionekana mara moja. Mwaka wa 1970 maabara ya Princeton nchini Marekani iliugeuza mtambo wake mkubwa kuwa tokamaki, na nchi nyingine zikafuata. Hadi leo tokamaki ndiyo aina iliyofanyiwa utafiti mwingi zaidi, na ITER yenyewe ni kitukuu cha T-3.

La kushangaza ni kwamba beta ya T-3 ilikuwa ndogo mno. Kwa kutumia idadi ya chembe na joto lililopimwa, hesabu inaonyesha haikufika hata asilimia moja. Hata hivyo ilikuwa tarakimu iliyothibitishwa kwa njia mbili zisizotegemeana, na hilo ndilo lililoupa ulimwengu ujasiri wa kuwekeza.

Uwiano mkubwa, shinikizo dogo

Tangu wakati huo beta imepanda sana katika baadhi ya mitambo. Mfano unaotajwa mara nyingi ni START, mtambo mdogo wa Culham uliofanya kazi kati ya 1991 na 1998. Umbo lake lilikaribia tufe, likiwa na tundu jembamba tu katikati, kama chungwa lililotolewa moyo. Umbo hilo huifanya plazima ikae zaidi kwenye upande ambapo uga una nguvu. START ilifikia beta ya takriban asilimia 40, mara kadhaa ya ile ya tokamaki za kawaida.

Je, hiyo ina maana kuwa START ilikaribia kuzalisha umeme? La hasha. Uga wake ulikuwa wa chini ya nusu tesla, ambao shinikizo lake halipiti lile la hewa. Asilimia 40 ya kiasi hicho haifiki hata nusu ya shinikizo la hewa tunayopumua. Lori lilijaa vizuri, lakini lilikuwa mkokoteni.

Upande wa pili wa mizani kulikuwa na Alcator C-Mod ya chuo cha MIT, Marekani. Katika siku yake ya mwisho ya kazi, Septemba 2016, mtambo huo uliweka rekodi ya shinikizo la plazima la mara 2.05 ya hewa ukitumia uga wa tesla 5.7. Ukipiga hesabu, beta yake haikufika asilimia mbili. Hapa lori lilikuwa kubwa, na magunia yalikuwa machache, ila yalizidi yale ya mkokoteni.

Watafiti sasa wanazifuata njia zote mbili. Kampuni ya Commonwealth Fusion Systems ikishirikiana na MIT ilifanyia majaribio, mnamo Septemba 2021, sumaku ya aina mpya iliyofikia tesla 20. Sumaku za aina hiyo zimekusudiwa kwa mtambo wa SPARC katika jimbo la Massachusetts. Hoja yao ni kwamba uga ukiwa mkali vya kutosha, hata beta ndogo italeta shinikizo kubwa. Katika beta isiyobadilika, kuuzidisha uga mara mbili huongeza nishati mara 16. Wafuasi wa mitambo yenye umbo la tufe nao, kama ule wa MAST Upgrade uliowashwa Culham mwaka wa 2020, wanatafuta kuitumia sumaku ya bei nafuu kwa ukamilifu zaidi.

Nchini Ujerumani, mtambo wa Wendelstein 7-X ulioko Greifswald una umbo tofauti linaloitwa stelareta, ambamo sumaku zimepindwapindwa ili plazima itulie bila kupitishiwa mkondo mkubwa wa umeme. Mwaka wa 2025 watafiti wake walitangaza kuwa wamefikia beta ya asilimia tatu kwa wastani katika plazima yote. Mtambo huo ulisanifiwa kuhimili takriban asilimia tano, na ni katika masafa hayo ya kutoka tatu hadi tano ambapo itajulikana kama wasanifu walikuwa sahihi.

Maswali kabla ya vifijo

Kwa msomaji anayefuatilia habari za nishati, yapo maswali matatu ambayo yanaweza kumsaidia kupembua pumba na mchele pindi rekodi nyingine itakapotangazwa. Kwanza, shinikizo la plazima lilikuwa kiasi gani, na si joto pekee? Joto kubwa katika chembe chache mno haliwashi taa. Pili, sumaku iliyotumika ilikuwa na uga wa nguvu gani? Beta kubwa katika uga dhaifu ni ushindi wa kitaalamu, lakini bado si umeme. Tatu, vipimo vilichukuliwa kwa njia ngapi, na je, vililingana?

Swali la tatu ndilo lenye uzito kuliko yote. ZETA ilikosa jibu lake, nayo T-3 ikalipata kwa kumfungulia mlango mshindani aliyekuja na kipimo chake mwenyewe. Kwa mujibu wa ratiba iliyotolewa mwaka wa 2024, ITER inatarajiwa kuanza shughuli za utafiti mwaka wa 2034, baada ya mabilioni ya dola na miongo kadhaa ya kazi. Kufaulu au kufeli kwake hakutaonekana kwanza kwenye nyaya za umeme zinazoelekea majumbani. Kutaonekana katika volteji ndogo za vitanzi vya waya na katika vijimwanga vya leza vilivyotawanyika, na wahandisi watakaa mezani kutazama kama tarakimu za pande hizo mbili zinaafikiana.